Iodini iliyoishia njiani: uchambuzi wa visahani vya waridi kwenye kinyesi cha ng'ombe, Uru, Moshi

Kopo lilikuwa limekaa dirishani siku 11 nilipoviona kwa mara ya kwanza. Ni kopo la plastiki la kawaida, la mfuniko wa kubana. Chini nimetandika tishu iliyoloa maji, na juu ya tishu nimeweka kinyesi cha ng'ombe kiasi cha nusu kiganja. Siku za mwanzo kilitawaliwa na Pilobolus, ile kuvu yenye vibuyu vinavyong'aa kama kioo, vinavyogeukia mwanga na kurusha vikofia vyeusi hadi vikagandia mfunikoni. Pilobolus ikanywea. Ndipo upande unaotazama dirisha vikachomoza vidoa kama 30 vya rangi iliyo kati ya waridi na chungwa, rangi ya pera lililoiva ukilipasua. Kwa kioo cha mkono, kila kidoa kilikuwa kimto kidogo chenye uso wa chembechembe, upana haufiki milimita 1, kimekaa juu ya kinyesi bila shina.

Kinyesi kilitoka kwa jirani yangu wa Uru, mama mwenye ng'ombe wawili wa maziwa wanaolishwa bandani. Nilipompigia hodi na kumwambia ninachotaka, alinitazama kidogo.

"Shikamoo mama. Naomba kinyesi, kidogo tu, kile kilichokaa siku mbili tatu."

"Marahaba mwalimu. Hicho nacho cha kuombwa? Chukua, ila kama kina ugonjwa uje uniambie."

Nilimwahidi. Ahadi hiyo ilinifanya niwe makini zaidi kuliko ningekuwa peke yangu, kwa sababu mtu akikuuliza "hiki ni nini?" kuhusu kitu kilichotoka bandani kwake, huwezi kumrudishia jina la kubahatisha.

Ng'ombe wa kihambani, yaani wa shamba la nyumbani la Wachagga, hali kinachoota mahali anapolala. Hapa kwetu migomba na kahawa vimejaza ardhi, kwa hiyo majani huletwa: mengine ni ya kingo za mifereji, mengine hupandishwa kwa kichwa au kwa gari kutoka tambarare, na kiangazi shina la mgomba hukatwakatwa likawa chakula. Kuvu zinazoishi kwenye kinyesi huishi kwa safari hiyo hiyo. Spora, yaani chembe zao za kuzaliana, hurushwa kutoka kwenye kinyesi, hugandia kwenye jani, huliwa pamoja na jani, hupita tumboni bila kumeng'enywa, na spora za nyingi kati ya kuvu hizi huhitaji joto la tumbo au ukali wa juisi zake ndipo ziamke. Kwa hiyo zilizokuwa kwenye kopo langu huenda zilikulia pembezoni mwa mfereji wa Uru, au chini kabisa kwenye tambarare lenye vumbi. Kinyesi hakisemi.

Kwamba vidoa hivi ni askomaiseti, yaani kuvu za vifuko, halikuwa swali gumu. Uyoga wa kawaida hubeba spora zake nje, juu ya vijiti vidogo. Askomaiseti huzifungia ndani ya kifuko kirefu, mara nyingi spora 8 kwa kifuko, zikasubiri kurushwa. Kila kidoa changu ni kisahani, na kisahani kizima ni zulia la vifuko vilivyosimama wima, na katikati yake zimechomekwa nyuzi tasa ambazo hazizai kitu, wataalamu huziita parafisi. Ugumu ulikuwa kujua ni askomaiseti ipi. Kwenye kinyesi cha ng'ombe visahani vidogo vya rangi ya chungwa vipo vya jamaa mbalimbali, na kwa jicho vinafanana kama mapacha. Rangi yenyewe haisaidii: wengi wao hujipaka karotini, jamaa wa rangi ile ile iliyo kwenye karoti na mawese, na ukali wake hubadilika kwa mwanga na umri.

Nilikuwa na orodha fupi kichwani. Cheilymenia ina nywele zenye vizuizi vya ndani, kama mianzi. Lasiobolus ina nywele ngumu zilizochongoka, zisizo na kizuizi hata kimoja. Coprotus haina nywele, na spora zake ni laini. Iodophanus pia haina nywele, ila spora zake zina vipele. Ascobolus ikikomaa spora zake huwa za zambarau. Karibu nao wapo Peziza na Thecotheus, ambao kwa kawaida ni wakubwa au weupe zaidi, lakini kisahani kichanga ni kidogo na rangi huzubaisha, kwa hiyo huwezi kuwafuta mapema.

Sasa niseme nilivyokosea, maana kisa chote kimo humo.

Hadubini yangu ni ya shule, ya miaka mingi, yenye lensi nne na taa niliyoibadilisha mwenyewe. Dawa nilipewa na rafiki yangu fundi wa maabara ya hospitali, kila moja kwenye chupa ndogo ya kudondoshea: potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, ambayo wao huitumia kulainisha magamba ya ngozi wanapotafuta fangasi, iodini ya Lugol, wanayotumia kwenye choo wanapotafuta amiba, na kotoni bluu iliyochanganywa na laktofenoli, rangi ya kupakia kuvu ili zionekane. Dawa tatu hizo zinatosha kuanzia kutambua askomaiseti nyingi. Mchanganyiko wa Lugol si dawa ya juzi, daktari Mfaransa Jean Lugol aliutengeneza mwaka 1829, na hadi leo ni iodini na iodaidi ya potasiamu ndani ya maji, basi.

Nilichukua kisahani kimoja kwa ncha ya sindano nikakiweka moja kwa moja kwenye tone la potasiamu haidroksaidi. Sababu niliyojipa ilikuwa nzuri: dawa hii hulainisha, ukigonga kioo cha kufunikia kwa kifutio cha penseli, kisahani hutawanyika na vifuko hutengana. Kweli vilitengana. Niliviona vizuri, vipana, vimejaa, kila kimoja na spora 8. Hakukuwa na unywele hata mmoja pembeni, kwa hiyo Cheilymenia na Lasiobolus zikatoka. Spora zilionekana hazina rangi na zina ganda laini. Kilichobaki kilikuwa swali la iodini, swali linalogawa kundi hili katikati: je, ukuta wa kifuko unageuka bluu, au haugeuki? Nikaweka tone la Lugol ukingoni mwa kioo cha kufunikia, upande wa pili nikagusisha kipande cha tishu ili kivute, nikasubiri.

Hakikugeuka. Dakika tano, kumi, hakikugeuka. Nikaandika kwenye daftari kwa kalamu ya wino: "Hakuna nywele, spora laini, iodini hasi. Coprotus." Nikapiga mstari chini ya jina. Nakumbuka raha niliyoisikia, ile raha ya jambo kufungika kabla ya chakula cha mchana.

Kijana wa kidato cha tano anayekuja kunisaidia Jumamosi ndiye aliyekuwa bado ameinama kwenye hadubini. Alikuwa ameshusha lensi hadi ile ya chini kabisa, anazurura tu kwenye slaidi.

"Mwalimu, mbona njano imeishia njiani?"

"Njano gani?"

"Ya dawa. Huku pembeni ipo, huku kwenye kisahani hakuna. Ni kama imekatwa."

Nikatazama. Alikuwa sahihi kabisa. Pembeni iodini ilikuwa njano ya kahawia, kama chai iliyopoa. Ikisogea ndani ilififia, na kabla haijafika kwenye kisahani ilikuwa imekuwa maji matupu, pamekuwa na mpaka kana kwamba mtu amechora. Vifuko vilivyokuwa vimeniambia "hapana" havikuwa vimeguswa na swali.

Hapa ndipo ninapomtaka msomaji mwenye hadubini akae nami kidogo, kwa sababu kosa hili ni la kila siku na halipigi kelele. Jibu la bluu linajieleza lenyewe, umeliona. Jibu la kutokugeuka linaweza kuwa na sababu tano, na moja tu kati ya hizo ni kwamba kuvu haina kemikali inayogeuka bluu. Dawa yaweza kuwa imekufa. Iodini huruka hewani chupa ikiachwa wazi. Dawa yaweza kuwa haijafika. Kisahani chaweza kuwa kichanga. Dawa nyingine iliyotangulia yaweza kuwa imeifuta. Na ufunguo wa utambuzi, yaani orodha ya maswali ya kutambulia kuvu, hauna habari na hayo yote. Ukiuambia "si bluu" unakupeleka upande wa kushoto kwa imani ile ile.

Nilianza na chupa, kwa kuwa ndiyo rahisi kuituhumu. Hapa Moshi huna haja ya kwenda mbali kupata wanga wa kupimia. Nilikata kipande chembamba cha ndizi mbichi ya kupika, nikadondoshea Lugol. Kikawa cheusi kabla sijaiweka chupa mezani, na kwenye hadubini punje za wanga zilikuwa zimelala kama kokoto za bluu iliyokolea. Chupa haikuwa na hatia.

Basi nikachukua kipande cha pili cha ndizi ile ile, nikakitangulizia tone la potasiamu haidroksaidi, kisha Lugol. Njano ya dawa ilitoweka hapo hapo. Ndizi ikabaki nyeupe, imevimba na kuteleza, haina hata dalili ya bluu. Sababu iko kwenye kemia ya shule: iodini ikikutana na alkali kali hugeuka chumvi zisizo na rangi, na iodini iliyogeuka chumvi haipaki kitu. Kijana akauliza kama inaweza kurudi. Nikamtuma jikoni akaleta siki. Matone kadhaa ya siki kwenye kipande kile kile, asidi ikashinda alkali, na bluu ikapanda kutoka pembeni kuelekea katikati mbele ya macho yetu. Tulirudia mara tatu, mara mbili za mwisho kwa sababu tu ilikuwa inapendeza.

Sitaki mtu aelewe kwamba potasiamu haidroksaidi na iodini hazikai nyumba moja. Wapo wanaozitumia kwa mfuatano huo kwa makusudi, na wana sababu. Kuna askomaiseti ambazo kifuko chake kwenye Lugol huwa chekundu badala ya bluu, na ukikitanguliza kwenye alkali ndipo huwa bluu. Mjerumani Hans-Otto Baral alilieleza jambo hilo kwa kina mwaka 1987, akaonyesha pia kwamba kwenye dawa ya Melzer, yenye iodini pamoja na klorali haidreti, mwitikio huo mwekundu hauonekani. Lakini wao huosha alkali kwanza, au hupitisha iodini nyingi hadi alkali iishe nguvu. Mimi nilikuwa nimeweka tone kubwa la asilimia 10 na kulipelekea kijitone cha Lugol. Mpambano ulikuwa umekwisha kabla haujaanza.

Slaidi ya pili niliifanya kama ilivyopasa kufanywa ya kwanza: kisahani kibichi, kutoka koponi, kwenye maji ya kawaida, bila dawa yoyote.

Sijui kama nitaweza kuieleza tofauti yake. Kwenye potasiamu haidroksaidi nilikuwa nimetazama maiti. Zote zimevimba, zimepauka, zimelala. Kwenye maji kila kitu kilikuwa kikifanya kazi. Nyuzi tasa zilikuwa na ncha zilizovimba kama kichwa cha njiti ya kiberiti, na ndani ya ncha hizo zimejaa punje za chungwa, na nikaelewa kwamba rangi yote ya kisahani inakaa humo tu. Vifuko na spora havina rangi hata kidogo. Vifuko vilivyokomaa vilikuwa vimechomoza juu ya zulia, vimeziacha nyuzi tasa chini, na ndiyo maana kwa kioo cha mkono uso ulionekana wa chembechembe: kila chembe ni kichwa cha kifuko kinachongoja zamu. Spora zilikuwa za umbo la yai refu, na ndani yake hakuna tone la mafuta. Hilo la mafuta hulioni kwa uhakika kwenye spora iliyokufa, kwani dawa huyeyusha, huunganisha matone mawili yakawa moja, au hufunika kwa rangi. Ni lazima uitazame ikiwa hai.

Nikiwa natazama, kifuko kimoja kilipasuka. Hakuna sauti. Kilikuwa kimejaa, kisha kikawa kifupi na kitupu, na spora zake 8 zikawa mbali nacho upana wa nusu uwanja wa kuonea. Kwenye ncha yake, kifuniko cha mviringo kilikuwa kimefunguka kimebaki kikining'inia upande mmoja, kama mfuniko wa birika. Kifuniko hicho kina maana kubwa. Askomaiseti wenye visahani hugawanyika kwanza hapo: wale wanaofungua kwa kifuniko, na wale wanaorushia kwenye kitundu au mpasuko wa ncha. Orodha yangu yote ni ya wenye vifuniko, ila nilikuwa nimeipanga kwa mazoea, sasa nilikuwa nimekiona kwa macho.

Ndipo nikaleta Lugol, kwenye maji, taratibu. Njano ilisogea bila kukatika. Ilipogusa kifuko cha kwanza, ukuta wake ulianza kujaa rangi ya bluu ya anga, kuanzia upande ulioguswa, ikakolea, ikaenea urefu wote wa kifuko. Kisha cha pili. Kisha kundi zima, kama taa za mtaa zinavyowashwa. Punje za chungwa kwenye ncha za nyuzi tasa nazo zikageuka kijani kichafu, kama karotini zinavyofanya kwenye iodini, na mtu asizichanganye hizo na jibu la kifuko.

Bluu hiyo ilifuta Coprotus kwenye daftari langu. Kwenye Coprotus kifuko hakigeuki. Vilevile iliweka Peziza pembeni, kwa sababu kwa Peziza bluu hukaa zaidi kwenye ncha, kama kofia au pete, na hapa ukuta wote ulikuwa umepakwa kwa usawa. Walibaki wenye bluu ya kuenea: Ascobolus, Thecotheus, Iodophanus.

Spora zilikuwa na la kusema bado. Niliziandika "laini" siku ya kwanza, lakini niliziandika zikiwa ndani ya kifuko, na vipele vya ganda huja mwishoni kabisa, karibu na kurushwa. Spora ya ndani ya kifuko ni mtoto ambaye hajaota meno. Inayoaminika ni ile ambayo kuvu yenyewe imeitoa. Nikaning'iniza kioo cha kufunikia ndani ya kopo, milimita 5 hivi juu ya visahani, upande wa dirisha, nikakiacha usiku kucha. Asubuhi kilikuwa na ukungu hafifu, duara moja juu ya kila kisahani. Zote hizo ni spora zilizokomaa, zimerushwa kwa hiari yao.

Nikaweka kotoni bluu, nikaipasha slaidi juu ya mshumaa sekunde chache bila kuichemsha, nikatumia lensi ya mafuta. Hapo ganda lilionekana lilivyo: limejaa vipele vidogo vidogo vya mviringo, vimeshika bluu kuliko ganda lenyewe, vimesambaa bila mpangilio. Ukizungusha skrubu ya kulenga polepole, vipele vya juu hupotea na vile vya ukingoni hujitokeza kama meno ya msumeno butu. Bila kotoni bluu, kwenye maji, hata nikijua vipo, niliviona kwa shida.

Kuhusu vipimo, niseme kwa kifupi nilivyopima, kwa kuwa namba bila njia haisaidii. Lensi yangu ya jicho ina rula ndogo ndani, lakini rula hiyo haina maana mpaka uilinganishe na kitu unachojua ukubwa wake. Slaidi maalumu ya kupimia sina. Niliazima kwa rafiki yangu yule chemba ya Neubauer, ya kuhesabia seli za damu: viraba vyake vidogo vya katikati vina upande wa milimita 0.05, yaani maikromita 50. Kwa ukuzaji wa mara 400, kiraba kimoja kilijaza mistari 20 ya rula yangu, hivyo kila mstari ni maikromita 2.5. Kwa lensi ya mafuta chemba ni nene mno, nikakokotoa kwa uwiano nikapata maikromita 1 kwa mstari, nikijua kwamba namba zilizochorwa kwenye lensi za shule si za kuapia. Spora 20 zilizorushwa, bila kuhesabu vipele, zilikuwa na urefu wa maikromita 18 hadi 21 na upana wa 10 hadi 12. Hata hili lingenishtua mapema kama ningepima kabla ya kuandika jina. Spora za Coprotus walio wengi ni ndogo kuliko hizo.

Thecotheus haikunisumbua sana: visahani vyake ni vyeupe au vya kijivu, na havina hizo punje za chungwa kwenye nyuzi tasa. Ascobolus ndiyo iliyonifanya nisubiri. Ikiwa changa, spora zake hazina rangi na kifuko chake ni bluu kwenye iodini, kwa hiyo mtu mwenye haraka anaweza kuipa jina lolote. Kinachoitambulisha ni zambarau inayokuja baadaye. Nikafunga kopo, nikarudisha dirishani.

Siku ya 15 jibu lilikuja kutoka upande ambao sikuutazamia. Sentimita 1 kutoka kwenye visahani vyangu, vilikuwa vimeota vingine vya manjano ya kijani, na uso wake ulikuwa na nukta za zambarau iliyokaribia weusi, kama ufuta kwenye mkate. Hiyo ni Ascobolus, huhitaji kubishana. Spora zake kwenye maji zilikuwa zambarau tupu zenye michirizi ya urefu. Vile vya waridi, vikubwa kwa siku nne kuliko siku ile ya kwanza, vilikuwa bado havina hata spora moja yenye rangi, si ndani ya vifuko wala kwenye kioo cha usiku. Kopo moja, kinyesi kimoja, mwanga mmoja. Sikuweza kuomba kilinganisho kizuri zaidi.

Ikabaki Iodophanus. Jina hilo lilitolewa na Mmarekani Richard Korf mwaka 1967, na limebeba jibu lake ndani: ni yule anayejidhihirisha kwa iodini. Spishi inayotajwa mara nyingi kwenye kinyesi, Iodophanus carneus, ilipewa hilo jina lake la pili, carneus, zamani zaidi na Christiaan Persoon, ambaye alizaliwa Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa bara letu hili, kabla ya kwenda Ulaya na kuwa miongoni mwa waasisi wa elimu ya kuvu. Carneus ni rangi ya nyama. Nilipofika hapo nilikitazama tena kisahani. Mimi nilikuwa nimeona pera, yeye aliona nyama, na wote tulikuwa tunazungumzia kitu kile kile. Zamani kuvu hii ilihesabiwa ukoo mmoja na Ascobolus. Uchunguzi wa vinasaba unaiweka kwa akina Peziza, na yule anayegeuka bluu ncha na huyu anayegeuka bluu mwili mzima wakawa ndugu.

Nilimrudia mama wa Uru na kopo mkononi. Nilimwonyesha kwa kioo cha mkono, akatazama jicho moja limefumbwa.

"Kumbe yanapendeza. Ng'ombe hawana shida?"

"Hawana, mama. Vinakula kinyesi, haviwali ng'ombe. Vinasaidia samadi kuoza."

"Basi vikae," akasema, akanirudishia kioo.

Kwenye daftari sikufuta "Coprotus". Nimekata kwa mstari mmoja ili lisomeke, pembeni nimeandika: "Alkali ilimaliza iodini. Angalia ndizi." Visahani sita nimevikausha kivulini pamoja na kipande chao cha kinyesi, nimevitia kwenye bahasha ya karatasi, si nailoni, maana kwenye nailoni vingeota ukungu mwingine. Kioo chenye spora za usiku nacho kimo ndani, kimefungwa kwa karatasi yake. Juu ya bahasha nimeandika mahali, tarehe, aina ya mnyama, siku kopo lilizokaa, vipimo na jinsi vilivyopimwa, kisha: "Kwenye maji, Lugol: bluu, ukuta wote. Kotoni bluu: vipele. Spora hazina mafuta wala rangi hadi siku ya 15. Iodophanus, inalingana na carneus." Nimeandika "inalingana na" kwa sababu jenasi hii ina spishi nyingine, mmoja wao huota hata kwenye magunia na nguo zilizooza, nazo hutenganishwa kwa vipele na ukubwa wa spora, mambo ambayo lensi yangu inayafikia kwa taabu. Kijana ameshaomba kopo la pili, la kinyesi cha mbuzi, na Jumamosi hii analeta mwenyewe maji safi ya kuanzia.